Nani Arithi Kiti cha Don? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Watoto wa Corleone

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wanapobishana kuhusu watoto wa Vito Corleone, Don (yaani mkuu) wa familia ya mafia ya New York katika hadithi ya *The Godfather*: nani alistahili kiti, nani alionewa, nani alimponza mwenzake. Miisho yote imefichuliwa humu. Kama hujaona filamu, kazione kwanza.

## Familia yenyewe

1. Habari za familia hii zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye riwaya ya Mario Puzo, *The Godfather*, iliyotoka 1969, na filamu tatu za Francis Ford Coppola za 1972, 1974 na 1990. Puzo alishiriki kuandika miswada ya filamu zote tatu. Mwaka 2020 Coppola aliihariri upya ile ya tatu, akabadili mwanzo na mwisho wake. Majibu ya hapa yanafuata filamu, na pale riwaya inapokwenda njia nyingine tumesema. Riwaya zilizoandikwa na watu wengine baada ya Puzo kufariki hatuzihesabu.

2. Watoto wa Vito ni akina nani, na nani mkubwa?

Kifungua mimba ni Santino, ambaye kila mtu humwita Sonny. Anafuata Fredo, kisha Michael. Kitindamimba ni binti pekee, Connie. Nje ya hao wanne yupo Tom Hagen, aliyelelewa nyumbani humo (swali la 3).

Filamu ya 1974 inawaonyesha wavulana hawa wakiwa wadogo. Fredo tunamkuta akiwa mtoto mchanga mgonjwa wa nimonia, analia huku baba amesimama hana la kufanya. Michael tunamkuta mapajani. Vito ametoka kumuua Fanucci, mbabe aliyewatoza watu fedha mtaani, amerudi kwenye ngazi za nyumba yake, amempakata mtoto na kumwambia kwamba baba anampenda sana. Mimi naamini ugomvi wote wa baadaye umeshapandwa katika matukio hayo mawili. Baba huyu hakuwahi kutangaza daraja za wanawe, lakini kila mmoja alijua yake.

3. Tom Hagen ni ndugu au ni mwajiriwa?

Ni vyote viwili, na ndilo tatizo lake. Sonny alimwokota mtaani akiwa mtoto asiye na kwao, akamleta nyumbani, naye akabaki. Vito alimlea na kumsomesha sheria, lakini hakumbadilisha jina, kwa kuona kwamba kufanya hivyo ni kuwavunjia heshima wazazi waliomzaa. Heshima hiyo ilimwacha Tom mlangoni: anakula meza moja na wenzake, ila jina si lao.

Genco Abbandando alipofariki, Tom akawa consigliere, yaani mshauri mkuu wa Don. Familia nyingine za New York zilimdharau kwa kuwa hakuwa Msisilia. Hebu fikiria: ndiye pekee nyumbani aliyepata cheo kwa uwezo, na ndiye pekee ambaye kiti hakingemfikia hata wengine wote wangekufa. Isipokuwa usiku mmoja tu. Baada ya Michael kushambuliwa kwa risasi chumbani kwake, Lake Tahoe, anamkabidhi Tom madaraka yote na kumwita ndugu. Tom anashindwa kuficha kwamba neno hilo amelisubiri maisha yake yote.

## Kiti kilivyopita kutoka mkono hadi mkono

4. Kwa nini Sonny aliachiwa nafasi ya mrithi ilhali kila mtu aliijua hasira yake?

Alikuwa mkubwa, alikuwa jasiri, na alikuwa amekwisha kuingia kazini. Kwenye riwaya kuna sababu ya ndani zaidi: alipokuwa mdogo alimwona baba yake akimuua Fanucci. Alipokamatwa ujanani kwa wizi na baba akamgombeza, alimjibu kwa kumkumbusha aliyoyaona. Vito hakuwa na la kumjibu. Utamkanya vipi mtoto asifanye ulichokifanya mbele ya macho yake?

Tena Sonny hakuwa mpumbavu wala mtu mbaya kwa watu wake. Vita vya 1946 na familia hasimu ya Tattaglia alivipigana kwa nguvu. Kilichomponza ni kwamba adui alijua kitu gani kingemtoa nyumbani bila walinzi. Carlo Rizzi, mume wa Connie, alimpiga mkewe akiwa mjamzito. Sonny akaruka kwenye gari peke yake, akakutwa kwenye kituo cha kulipia ushuru wa barabara na kumiminiwa risasi. Wengi husema alikufa kwa hasira. Alikufa kwa kumpenda dada yake. Hasira ilikuwa njia tu ya kumfikia.

5. Kosa la Sonny mbele ya Sollozzo lilikuwa nini hasa?

Sollozzo alikuja kuomba fedha na ulinzi wa wanasiasa ili afanye biashara ya dawa za kulevya. Vito akakataa. Katikati ya mazungumzo Sonny akadakia neno lililoonyesha kwamba yeye angependa biashara ile. Baba alimkemea baadaye kwamba asimjulishe mtu wa nje anachofikiri, lakini mgeni alikuwa ameshaondoka na jibu alilolitaka: ukimwondoa mzee, mwana atakubali. Kupigwa risasi kwa Vito akinunua matunda kulitokana na neno hilo. Ndiyo maana hoja ya kwamba Sonny alikuwa mrithi mzuri aliyekosa bahati haisimami kirahisi.

6. Na Fredo? Kwa desturi, mkubwa akifa si anafuata wa pili?

Hapakuwa na desturi hiyo kwa Vito. Alikuwepo mtu na uwezo wake. Siku Vito anapigwa risasi, dereva wake wa kawaida, Paulie Gatto, alisingizia ugonjwa, na aliyekuwa naye ni Fredo. Bastola ikamponyoka mikononi, akaishia kukaa ukingoni mwa barabara akilia. Akapelekwa Las Vegas, kwa maneno kwenda kujifunza kazi ya kasino, kwa hakika kuwekwa kando. Huko akajiegemeza kwa Moe Greene, mwenye kasino, akamtetea mbele ya Michael. Mdogo akamwonya mkubwa mbele ya watu asishike tena upande wa yeyote dhidi ya familia.

Kuna jambo husahaulika. Hakuna popote tunapoonyeshwa mtu akikaa na Fredo na kumweleza kwa nini ameachwa. Alipouliza, miaka mingi baadaye, aliambiwa tu kwamba mzee ndivyo alivyotaka (swali la 10).

7. Vito alitaka Michael arithi?

Hakutaka. Katika mazungumzo yao ya mwisho bustanini anasema alijua Sonny angepitia njia hii, Fredo anampita kwa neno moja la kusitasita, halafu anakiri kwamba kwa Michael alikuwa na ndoto nyingine: awe seneta au gavana, mtu anayezishika kamba badala ya kuchezeshwa nazo. Michael alikuwa amesoma chuo kikuu, amepigana vita na kurudi shujaa. Familia ilimtunza nje ya uchafu wake kwa makusudi.

Alijiingiza mwenyewe. Alimlinda baba hospitalini, akavunjwa taya na Kapteni McCluskey wa polisi, kisha akajitolea kumuua kapteni huyo na Sollozzo pamoja, mezani. Kaka zake walicheka aliposema. Kwa hiyo ukiulizwa nani alimchagua Michael, jibu langu ni kwamba hakuna. Sonny alikufa, Fredo hakuaminiwa, Tom hakuwa wa damu, naye alikuwa ameshaua.

8. Kwa nini Michael alimwondoa Tom kwenye ushauri?

Sababu aliyopewa ni kwamba yeye si mshauri wa wakati wa vita. Vito mwenyewe alikuwa upande wa uamuzi huo. Kuna ukweli ndani yake, maana Tom ni mtu wa kutafuta maridhiano. Lakini pia Michael alikuwa anapanga mauaji makubwa ya siku ya ubatizo, na alitaka Tom asiwe na la kujua. Ukipenda unaweza kuiita huruma. Tom hakuiona hivyo.

9. Sonny na Michael waligombea kiti?

Hapana. Sonny alimwona Michael kama mtoto anayehitaji kulindwa, na wakati mwingine kuzabwa. Hakuishi kuona mdogo wake akitawala, na hilo pengine liliwaepusha wote wawili na makubwa.

## Fredo na Michael

10. Fredo aliisaliti familia kwa kufanya nini?

Filamu ya 1974 haisemi yote, na watu hujaza mapengo kwa kubuni. Tunachojua ni hiki. Fredo aliwasiliana na Johnny Ola, mtu wa Hyman Roth, mzee aliyekuwa mshirika wa Michael kibiashara na adui yake kwa siri. Aliambiwa kwamba Michael anakuwa mgumu kwenye mazungumzo, na kwamba akisaidia kidogo naye atapata chake. Akasaidia. Usiku wa shambulio mapazia ya chumba cha Michael yalikuwa wazi; aliyeyafungua hatuonyeshwi. Fredo anashikilia kwamba hakujua ni mpango wa kuua, na simu ya usiku anayopigiwa na Ola inaonyesha mtu aliyeshtuka.

Katika nyumba ya mashua ndipo analipuka. Yeye ndiye mkubwa, amerukwa, anatumwa kupokea wageni uwanja wa ndege na kuangalia vilabu vya usiku, naye ana akili, anastahili heshima. Angalia anachodai. Haombi kiti. Alikuwa tayari kupokea chochote mradi kimefika mikononi mwake bila kupitia kwa mdogo wake, na Roth aliliona hilo kabla ya ndugu zake.

11. Michael alijuaje?

Kwa ulevi wa Fredo. Huko Havana, Cuba, alijifanya hamjui Ola. Usiku, kwenye onyesho, akiwa amekunywa, akawaambia wenzake kwamba mahali pale alionyeshwa na Johnny Ola. Michael amesimama nyuma yake, anasikia. Mkesha wa Mwaka Mpya, Batista, mtawala wa Cuba, akitangaza kung'atuka, Michael anamshika kaka yake kichwa, anambusu mdomoni kwa nguvu na kumwambia kwamba amejua. Mji unaanguka, Fredo anakimbia kwa miguu na kukataa kupanda gari la ndugu yake.

12. Kwa nini Michael alingoja mama yao afe?

Alitoa amri kwamba Fredo asiguswe mama akiwa hai. Watu wengine huiona kama subira ya mtu anayejipa muda wa kusamehe. Siioni hivyo. Ni ratiba. Kwenye msiba Connie anamwombea Fredo msamaha, Michael anakwenda, anamkumbatia kaka yake, na juu ya bega lile lile anamtazama Al Neri, muuaji wake. Fredo anauawa ziwani, kwenye mtumbwi, akisali Salamu Maria ili samaki waje. Anthony, mtoto wa Michael, alikuwa aende naye. Connie alimwita arudi kwa kuwa baba yake anamtaka.

13. Ilikuwa lazima kumuua Fredo?

Kwa hesabu za usalama, hapana. Fredo hakuwa na askari, hakuwa na fedha zake, na siri aliyokuwa nayo kuhusu wakili wa kamati ya Seneti iliyomchunguza Michael kuwa mtu wa Roth alikuwa ameshaitoa. Tom aliuliza swali hilo hilo kuhusu Roth, mzee mgonjwa aliyekuwa akifa: umeshinda, kuna haja gani ya kufuta kila mtu? Michael akajibu kwamba anafuta maadui zake tu.

Wanaomtetea husema Don akimwacha msaliti hai atakuwa amewafundisha wengine. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kifo kingekuwa cha hadharani. Hiki kilifichwa hata ndani ya familia (swali la 17). Aliyefichwa hafundishi mtu.

14. Kwenye riwaya Fredo anakufa pia?

Hapana. Riwaya inamwacha hai Las Vegas. Mauaji ya ziwani ni ya filamu.

15. Ile sikukuu ya 1941 inayokuja mwishoni mwa filamu ya 1974 ina kazi gani?

Ni tarehe 7 Desemba 1941, siku ya kuzaliwa Vito na siku Bandari ya Pearl iliposhambuliwa. Watoto wamekaa mezani wanamsubiri baba. Michael anatangaza kwamba amejiandikisha kwenye kikosi cha Marine. Sonny anafoka, anataka kumpiga. Tom anamwambia kwamba baba alikuwa na mipango juu yake, na kwamba wameshazungumza mara nyingi kuhusu mustakabali wake. Michael anashangaa: wewe na baba mmeongea kuhusu maisha yangu?

Anayempa mkono na kumpongeza ni Fredo peke yake.

Watazamaji wengi hubeba tukio hilo kama uchungu tu. Kwangu ni maelezo ya urithi mzima. Mipango ipo, baba anaijua, Tom anaijua, mhusika ndiye wa mwisho kuisikia. Huo ndio uongozi wa Vito nyumbani kwake: kila mtoto amepangiwa, hakuna aliyeulizwa. Nje alisifiwa kwa kumsikiliza kila mwenye shida aliyebisha hodi.

## Connie

16. Kwa nini Connie hatajwi kabisa kwenye urithi?

Kwa kuwa ni mwanamke, na hakuna anayejisumbua kulieleza. Harusi yake inafungua hadithi, lakini siku hiyo hiyo baba yake anaamuru mume wake apewe riziki na asiingizwe kwenye mambo ya familia. Carlo akala chuki hiyo mpaka akamuuza Sonny. Michael akakubali kumsimamia mtoto wa Connie ubatizo, na siku ile ile akamuua baba wa mtoto.

17. Ilikuwaje Connie akawa na nguvu hivyo kwenye filamu ya tatu?

Baada ya kumchukia Michael kwa miaka, alirudi kumtunza, na kumtunza kukageuka kutawala. Mwaka 1979 yeye ndiye anayempa Vincent, mwana wa Sonny (swali la 18), ruhusa ya kumuua adui yao Joey Zasa huku Michael akiwa kitandani hospitalini, na baadaye anamuua Don Altobello, mzee aliyewasaliti, kwa keki zenye sumu. Kuna wakati anamwambia Michael kwamba humkumbuka maskini Fredo aliyezama, kwamba ilikuwa ajali mbaya, mapenzi ya Mungu. Anajua au hajui? Talia Shire, ambaye ni dada wa damu wa Coppola, analisema kwa namna ambayo huwezi kuapa. Mimi nadhani anajua, na kwamba uongo huo ndio ada aliyolipa ili abaki nyumbani.

Kama mtu atauliza ni mtoto yupi wa Vito aliyefanana naye kwa subira na hesabu ndefu, baada ya Michael ningemtaja yeye.

## Kizazi cha tatu

18. Vincent ni nani, na kwa nini kiti kilimwendea yeye?

Ni mwana wa Sonny aliyezaliwa nje ya ndoa na Lucy Mancini, yule msichana wa kwenye harusi ya Connie. Kwenye riwaya ya 1969 hayumo. Ana moto wa baba yake. Anamng'ata Zasa sikio mbele ya ami yake. Michael anampa jina la Corleone na madaraka kwa sharti moja: aachane na Mary, binti yake Michael, ambaye ni binamu yake. Anaachana naye. Mary anapigwa risasi iliyokusudiwa baba yake, kwenye ngazi za Teatro Massimo, Palermo.

19. Anthony, mwana wa Michael, alikataa kwa nini?

Alitaka kuimba opera, na alijua nani alimuua Fredo. Sababu ya pili ingetosha yenyewe.

## Maswali ya pembezoni

20. Michael alirudije Marekani bila kukamatwa kwa mauaji ya McCluskey?

Filamu inapita haraka. Riwaya inaeleza: mtu wa ukoo wa Bocchicchio, aliyekuwa amekwisha kuhukumiwa kifo kwa mauaji mengine, alikubali kubeba na kosa hilo, na watu wake wakatunzwa. Vito alikuwa ameapa mbele ya wakuu wa familia nyingine kutolipiza kisasi cha Sonny, mradi Michael arudi salama. Alibadilisha damu ya mwana mmoja kwa usalama wa mwingine. Kiapo kilikuwa chake. Michael hakuapa chochote.

21. Kwenye mafia halisi, kiti hurithiwa kwa damu?

Inategemea ni mafia ipi. Kwa 'Ndrangheta ya Calabria ukoo wa damu ndio msingi wa kundi. New York haikuwa hivyo: tangu Lucky Luciano na wenzake waanzishe Tume ya familia mwaka 1931, bosi alihitaji kukubaliwa na makapteni wake na familia nyingine. Undugu ulisaidia, haukutosha.

Mfano wa kurukwa upo. Mwaka 1976 Carlo Gambino, bosi wa New York, alimwachia kiti Paul Castellano, binamu na shemeji yake, akampita msaidizi wake Aniello Dellacroce. Dellacroce alivumilia mpaka alipofariki kwa ugonjwa mwanzoni mwa Desemba 1985. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Castellano akauawa kwa risasi mbele ya mkahawa wa Manhattan, na John Gotti, mtu wa Dellacroce, akashika kiti.

Mfano wa baba na mwana ni wa Joseph Bonanno, bosi mwingine wa New York. Katika miaka ya 1960 alimpandisha mwanawe Salvatore juu ya watu waliotumikia muda mrefu zaidi, familia ikagawanyika, na kukawa na mapigano ya miaka kadhaa. Baba alijiondoa na kwenda kuishi Arizona, akafariki 2002. Mwana hakukipata kiti.